Tundu la jino la shemeji halikutoa damu, sasa skrubu imetoka. Ni kweli damu ndiyo inayoshikisha?

#1 Afande_Mstaafu
Salaam wote. Wenye ujuzi nisaidieni maana nyumbani hapakaliki.

Mwaka jana mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tulipanda boda moja kutoka Wandegeya. Lori la matofali likatukata mbele. Mimi meno mawili yakaenda, yeye moja. Tukakaa na mapengo miezi mingi, tukauza ng'ombe, tukaenda kliniki moja hapo Kampala kupandikizwa meno ya skrubu. Siku moja, daktari mmoja, skrubu za aina moja.

Nilianza mimi. Ile taa ya juu ina kioo, ukitazama vizuri unajiona mdomoni. Alipomaliza kutoboa, tundu likajaa damu. Akaingiza skrubu polepole, damu ikawa inapanda yenyewe kwenye nyuzi za skrubu kama mafuta ya taa kwenye utambi. Msaidizi akataka kupuliza maji ya chumvi asafishe, daktari akamkata: "Iache hiyo damu, ndiyo kazi yenyewe."

Kisha shemeji. Nilikaa kwenye stuli karibu na mlango. Tundu kavu! Nilimsikia daktari akisema mfupa mweupe, hautoi kitu. Akachokonoa pembeni, ikatoka damu ya kupaka kidole, akakaza skrubu hivyo hivyo. Wiki ya sita shemeji anasukuma kwa ulimi, skrubu inazunguka. Akaitoa kwa vidole viwili kama kizibo cha soda. Zangu ziko imara.

Mke wangu anasema nilimtangulia kaka yake nikachukua bahati. Mimi nasema ni damu. Nani mkweli?

#2 Boda_wa_Ntinda
Pole afande. Mwenye boda alipona? Maana watu wazima wawili nyuma ya boda moja, halafu lawama kwa lori.

#3 Afande_Mstaafu
Alipona, hata mkwaruzo hana. Tusitoke nje ya mada.

#4 Nesi_wa_Meno
Mimi niko kituo cha afya wilayani, kazi yangu ni kung'oa. Skrubu siweki. Lakini damu kwenye tundu naijua kuliko ninavyojua jikoni kwangu.

Ukishang'oa jino, lile bonge la damu linaloganda ndilo plasta, ndilo kiunzi, ndilo kila kitu. Mgonjwa nikimwambia usisukutue leo, usiteme mate kwa nguvu, usivute sigara, anadhani namtania. Akilitoa lile bonge, siku ya pili au ya tatu anarudi ameshika shavu, tundu tupu, mfupa unaonekana, maumivu hadi sikioni. Tundu lisilo na bonge halina pa kuanzia kupona. Sioni kwa nini skrubu iwe tofauti. Daktari wako alikuwa sahihi kumzuia msaidizi.

#5 Fundi_wa_Katwe
Mimi si daktari, mimi ni wa vyuma, Katwe, miaka ishirini na kitu. Nina swali moja: hiyo skrubu ilikuwa inang'aa au ilikuwa ya kijivu kilichofifia?

Nauliza kwa sababu rangi haishiki bati laini. Lazima upige msasa kwanza, au upige mchanga kwa mashine ya upepo. Chuma kinachong'aa kama kijiko kila kitu kinateleza juu yake, pamoja na damu.

#6 Afande_Mstaafu
@Fundi kijivu kilichofifia, kama sufuria ya zamani.

#7 Fundi_wa_Katwe
Basi ilipigwa mchanga.

#8 Mwalimu_Kemia_Mbale
Fundi yuko karibu sana. Skrubu nyingi za siku hizi hupigwa mchanga mzito, kisha huchovywa kwenye asidi. Mchanga unaacha mabonde, asidi inaacha vishimo vidogo ndani ya mabonde. Mparuzo wake wa wastani ni kama mikromita 1 hadi 2, yaani huwezi kuuhisi kwa ukucha.

Lakini niwasahihishe wote kidogo. Damu HAIGUSI titani, yaani metali ya skrubu yenyewe. Titani ikikutana na hewa tu inavaa ngozi ya oksidi, unene wa nanomita chache. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Hiyo ngozi ndiyo inayokutana na damu. Kwanza yanafika maji na chumvi zake, papo hapo. Ndani ya sekunde zinafika protini za damu. Seli zinafika zimechelewa, zinakuta uso umeshatandikwa mkeka wa protini. Seli haijui kama chini yake kuna titani au kuna kikombe cha plastiki. Inajua mkeka tu.

Tena mkeka wenyewe haukai. Albumini, kwa kuwa ni ndogo na imejaa tele kwenye damu, inawahi kukaa. Baadaye zinakuja zenye kung'ang'ania zaidi, kama fibrinojeni, zinaisukuma iondoke, na hata hizo nazo zinaweza kusukumwa na nyingine. Aliyeieleza hali hii ni Leo Vroman, Mholanzi aliyehamia Marekani, na kwao alijulikana pia kama mshairi. Ni kama takisi pale stendi: mwembamba anawahi kiti, akija mama mwenye mizigo anapishwa.

#9 Boda_wa_Ntinda
Mwalimu, yule mama mwenye mizigo mimi ndiye ninayembeba, hapishwi na mtu.

#10 Binti_Arua
Nilisoma kwamba haya mambo ya titani yaligunduliwa na Mswidi mmoja mwaka 1965 kwa bahati tu, alikuwa anachunguza sungura.

#11 Mwanafunzi_wa_Upasuaji
@Binti_Arua umechanganya miaka miwili. Sungura ni 1952, mjini Lund, Uswidi. Per-Ingvar Brånemark alikuwa anatazama mtiririko wa damu ndani ya mfupa kupitia kijichumba cha titani. Alipotaka kukitoa kikawa kimegandana na mfupa, hakitoki. 1965 ndipo alipomwekea mtu wa kwanza, Gösta Larsson, kwenye taya. Larsson alifariki 2006, na skrubu zake zilikuwa bado kazini. Miaka kama arobaini hiyo.

Na angalieni hapo: utafiti wenyewe ulianza na DAMU, si na meno.

Sasa kwa afande. Protini zikishatandika, chembe sahani za damu, zile ndogo zinazoanzisha kuganda, zinanasa kwenye fibrinojeni, zinavimba, zinamwaga vitu vya kuita seli nyingine. Damu inaganda, nyuzi za fibrini zinafungwa kutoka ukuta wa mfupa hadi uso wa skrubu. Zile nyuzi ni daraja la kamba. Seli za kujenga mfupa zinatoka upande wa mfupa, zinatambaa juu ya kamba. Tatizo ni kwamba zikitambaa zinavuta. Kama kamba imeshika vizuri kwenye skrubu, seli inafika hadi kwenye chuma na kuanza kujenga pale pale, mfupa unakua kutoka kwenye skrubu kwenda nje. Kama uso ni laini, kamba inachomoka, seli zinajenga upande wao tu, na mfupa unakuja polepole kutoka mbali. John Davies wa Toronto ndiye aliyelisisitiza sana jambo hili.

Kwa hiyo ndiyo, damu inahusika. Ila "damu ilikosekana" si jibu. Lazima tuulize kwa nini ilikosekana.

#12 Fundi_wa_Katwe
Hapo kwenye kamba kuchomoka nimeelewa bila kwenda chuo. Webale ssebo.

#13 Mpinzani_wa_Jinja
Subirini. Huyo Larsson wa 1965 skrubu zake zilikuwa laini, zimetoka kwenye mashine ya kukereza tu, hakuna mchanga wala asidi. Zikakaa miaka arobaini. Sasa hadithi ya kamba kuchomoka inasimamaje?

#14 Mwanafunzi_wa_Upasuaji
@Mpinzani ni kweli zilikuwa za kukereza. Lakini walisubiri: miezi mitatu taya ya chini, sita taya ya juu, bila kugusa. Uso wa mparuzo umefupisha kusubiri. Haukuanzisha kushika.

#15 Mpinzani_wa_Jinja
Basi uso ni wa haraka tu. Sawa. Nina la pili: mjomba wangu anakunywa warfarini kwa ajili ya moyo, damu yake huganda kwa kusuasua. Ana skrubu mbili, mwaka wa nne huu, anakula mahindi ya kuchoma. Kama bonge la damu ndilo kila kitu, mjomba angekuwa kibogoyo.

#16 Nesi_wa_Meno
Warfarini inachelewesha kuganda, haizuii kabisa. Sisi tunapima kwanza, ikiwa kwenye kiwango tunang'oa, tunabana kwa pamba, damu inasimama. Bonge lilikuwapo. Lilichelewa tu, kama wajomba wengine kwenye harusi.

Na tafadhali, yeyote anayesoma hapa anayekunywa dawa ya kuzuia damu kuganda, asiache mwenyewe kwa sababu ya jino. Muulize aliyekuandikia.

#17 Mama_Kasese
Afande, shemeji alikuwa anakunywa asprini? Labda ilimkausha damu.

#18 Nesi_wa_Meno
Mama, asprini inafanya kinyume. Inazifunga chembe sahani zisishikane, kwa maisha yao yote, siku saba hadi kumi hivi. Ukinywa asprini unatoka damu zaidi, hukauki.

#19 Afande_Mstaafu
Hanywi asprini. Anavuta sigara. Na mirungi kidogo, Ijumaa.

#20 Boda_wa_Ntinda
"Kidogo". "Ijumaa". Afande, wiki ina Ijumaa ngapi kwa shemeji?

#21 Mama_Kasese
Hapo sasa! Nikotini inabana mishipa midogo ya damu. Mfupa umekauka kwa sababu bomba zimefungwa. Kesi imekwisha.

#22 Mwanafunzi_wa_Upasuaji
Haijakwisha mama. Sigara inaongeza hatari, hilo halina ubishi, ila wavutaji wengi skrubu zao hushika. Afande, hukutuambia jambo la muhimu: meno yalikuwa ya wapi? Juu au chini?

#23 Afande_Mstaafu
Yangu ya juu mbele. Lake la chini mbele.

#24 Mwanafunzi_wa_Upasuaji
Mzee wangu! Hilo ungelisema kwenye #1. Ulisema "siku moja, daktari mmoja, skrubu za aina moja" tukadhani ni kama mapacha.

Mfupa wa mbele wa taya ya chini mara nyingi ni mgumu kama mpingo, ganda nene, uboho kidogo. Tangu 1985 Lekholm na Zarb waliugawa mfupa wa taya kwa madaraja manne: daraja la 1 ni mgumu karibu wote, la 4 ni laini kama sponji. Wa juu huwa na uboho zaidi, damu inabubujika. Tundu la shemeji kuwa kavu huenda ni tabia ya mfupa wenyewe, hakuna uchawi wala bahati. Ajabu ni kwamba mfupa mgumu ndio unaoshika skrubu vizuri siku ya kwanza. Unaibana. Ukibana mno, damu iliyobaki nayo inakatika.

#25 Fundi_wa_Katwe
Chuma kigumu, drili butu, maji kidogo. Unajua kinachotokea? Moto. Mimi nikitoboa chuma cha pua bila kumwagia maji, ncha inageuka bluu na shimo linateketea. Mfupa hauungui?

#26 Nesi_wa_Meno
Unaungua. Mwaka 1983 Eriksson na Albrektsson walijaribu kwa sungura: nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja tu, mfupa ukaanza kuharibika. 47, fundi. Maji hayajakaribia hata kuchemka. Ndiyo maana drili ya taya inamwagiwa maji ya chumvi muda wote na inazungushwa taratibu.

#27 Fundi_wa_Katwe
Basi hapo tumegeuza habari nzima. Mnasema skrubu ilitoka kwa sababu hapakuwa na damu. Mimi nasema huenda damu haikuwapo kwa sababu mfupa ulishakaangwa. Ukavu ni moshi, moto uko kwingine.

#28 Afande_Mstaafu
Mnanikumbusha kitu. Umeme ulikatika. Baada yangu, shemeji akiwa kwenye kiti. Tulikaa kama dakika kumi hadi jenereta iwake. Skrubu yake ilikuwa imeshafunguliwa, imelala kwenye trei.

#29 Boda_wa_Ntinda
Banange! Afande anatoa ushahidi kwa awamu, kama mahakama ya kijeshi.

#30 Mwalimu_Kemia_Mbale
Hiyo trei inanisumbua kuliko umeme.

Chukueni jani la mgomba, dondosheni maji. Maji yanajikunja kuwa shanga, yanateleza. Chukueni udongo mkavu, maji yanatawanyika na kunywewa. Titani ikiwa mpya kabisa inakuwa kama udongo, damu inatawanyika juu yake. Ikikaa hewani inanasa uchafu wa kaboni unaoelea hewani, hata hewa unayoiona safi, na polepole inageuka jani la mgomba. Damu inajikunja, mabonde ya Fundi yanabaki na hewa ndani.

Ndiyo maana tangu 2005 kuna skrubu zinazouzwa zimezama kwenye maji ya chumvi ndani ya chupa, zimetengenezwa chini ya naitrojeni zisionje hewa. Na Ogawa, Mjapani aliye Los Angeles, ameonyesha kwamba ukiimulika titani iliyozeeka kwa mwanga wa urujuanimno inarudia kupenda maji.

Afande alisema damu yake ILIPANDA yenyewe kwenye nyuzi. Huo ni uso unaopenda maji. Ya shemeji ilipanda?

#31 Afande_Mstaafu
Yake sikuiona. Alikuwa kwenye kiti yeye, kioo kilimwangalia yeye.

#32 Mpinzani_wa_Jinja
Mwalimu, dakika kumi kwenye trei haziigeuzi titani kuwa jani la mgomba. Skrubu za kawaida zinakaa kwenye pakiti kavu miezi na miaka kabla ya kufika Kampala, na nyingi zinashika. Dakika kumi ni nini?

#33 Mwalimu_Kemia_Mbale
Kama ilikuwa ya chupa, ikatolewa majini ikakaukia kwenye trei, ni jambo. Kama ilikuwa ya pakiti kavu, nakubali, dakika kumi si kitu. Afande, ilikuwa ya chupa au pakiti?

#34 Mama_Kasese
Wakati tunamsubiri afande: kwetu bado kuna watu wanapeleka vitoto kung'olewa "ebinyo". Vijino havijaota hata, mganga anachokoa ufizi kwa spoku ya baiskeli kisa mtoto anaharisha. Damu inamwagika, mtoto anaondoka na ugonjwa. Hiyo damu nani anaijadili?

#35 Nesi_wa_Meno
Mama, nimeshika mikononi watoto wa hivyo. Wengine vijidudu vimeshaingia kwenye damu. Na yale ni machipukizi ya meno halisi, mtoto akikua anakuta meno ya chonge hayapo au yamepinda. Anzisha uzi wake, nitakuja na hasira zangu zote.

#36 Msimamizi
Ndiyo, uzi wake tafadhali. Hapa turudi kwenye skrubu.

#37 Binti_Arua
Dada yangu ameambiwa na kliniki yake alipe zaidi, watamtoa damu mkononi, waizungushe kwenye mashine, kisha wamwekee utando wake kwenye tundu la skrubu. Ni kweli au ni kumuuzia damu yake mwenyewe?

#38 Mwanafunzi_wa_Upasuaji
Kitu chenyewe ni cha kweli. Choukroun wa Ufaransa alikianzisha mwaka 2001: damu bila dawa ya kuzuia kuganda, inazungushwa, unapata utando wa fibrini uliojaa chembe sahani na seli nyeupe. Husaidia nyama ya ufizi kupona. Kwamba skrubu itashika zaidi kwenye mfupa mzuri, hapo wenzetu wanabishana. Dada aulize anawekewa kwa sababu gani hasa. "Ni nzuri kwa damu" si sababu.

#39 Mpinzani_wa_Jinja
Damu yake, mkono wake, risiti yao. Biashara safi.

#40 Mwalimu_Kemia_Mbale
Kabla hatujaidharau damu: Waswidi walichapisha mwaka 1999 jaribio la kuikutanisha damu nzima ya mtu na titani. Titani ikaigandisha kwa nguvu kuliko chuma cha pua. Kwa mrija unaowekwa kwenye mshipa wa moyo hiyo ni sifa mbaya. Kwa taya, wao wenyewe waliuliza kama huenda ndiyo siri ya mfupa kuipenda titani. Mpinzani, hilo utalipinga vipi?

#41 Mpinzani_wa_Jinja
Silipingi. Nasema "huenda" si "ndiyo". Zirkonia, ile kauri nyeupe, si titani, nayo mfupa unaishika.

#42 Hajati_Bombo
Mnazungumza oksidi na naitrojeni, hakuna aliyeuliza huyo kijana alikula nini. Mimi ni jirani yao. Wiki ya tatu nilimwona kwenye maulidi anamenya muwa kwa meno. KWA MENO.

#43 Afande_Mstaafu
Hajati, jamani.

#44 Hajati_Bombo
Jamani nini? Nilimwona.

#45 Mwanafunzi_wa_Upasuaji
Asante Hajati, umefanya kazi ya uchunguzi kuliko sisi sote.

Wiki ya pili hadi ya nne ndiyo mbaya. Mshiko wa siku ya kwanza, ule wa kubanwa tu, unapungua kwa sababu mfupa wa zamani unaliwa, na mfupa mpya bado mchanga. Skrubu ikitikisika kupita mikromita 100 au 150 hivi, lile daraja la fibrini linakatika kila siku, na mwili unachoka, unajaza nyama ya kovu badala ya mfupa. Muwa mmoja unaweza kutosha.

#46 Mama_Kasese
Sigara, mirungi, muwa. Huyu shemeji skrubu ilikimbia yenyewe.

#47 Fundi_wa_Katwe
Mimi bado niko kwenye moto. Muwa ungeweza kuitikisa, lakini tundu lilikuwa kavu SIKU ILE, kabla ya muwa. Afande, skrubu ilipotoka ilikuwaje? Imevaa nyama au safi?

#48 Mwanafunzi_wa_Upasuaji
Swali zuri sana. Ikiwa na utando wa nyama laini kuizunguka, nitaelekea kwenye kutikisika.

#49 Afande_Mstaafu
Nimemuuliza. Anasema ilitoka safi, kama ilivyoingia. Mke wangu anasema ilikuwa na kitu kama ngozi ya maziwa, na yeye ndiye aliyeiosha. Kuhusu chupa au pakiti, hakuna anayekumbuka.

Daktari amesema wasubiri tundu lijae mfupa, miezi mitatu au minne, kisha ataweka nyingine nene kidogo bila malipo ya kazi. Skrubu ya zamani iko kwenye kopo pamoja na misumari ya mabati.

#50 Fundi_wa_Katwe
Ameiosha??

#51 Afande_Mstaafu
Kwa Omo.

#52 Fundi_wa_Katwe
Basi itoe kwenye misumari, uiweke peke yake, unipigie picha ya karibu mchana, juani. Lenzi ya saa ninayo, lakini siwezi kuja Bombo leo.

#53 Boda_wa_Ntinda
Nauli ya Bombo naijua. Abiria mmoja tu.